Waifai imeshika, intaneti haipo: tafuta palipokatika

Jirani yangu wa ghorofa ya pili alinipigia saa mbili usiku. Waifai imeshika, vijiti vimejaa, lakini kila ukurasa anaoufungua unazunguka tu. Nikamuuliza, WhatsApp je? Akasema kundi la kikoba linaingiza ujumbe kama kawaida. Nikahisi ni DNS, ule utaratibu wa kugeuza jina la tovuti kuwa namba, kazi ya dakika mbili. Nikamwambia, "Usiguse kitu jirani, namalizia kula nakuja."

Akagusa. Nilipofika nilikuta ameshachukua sindano, ameichomeka kwenye kile kitundu kilichoandikwa RESET nyuma ya rauta, na ameibonyeza mpaka taa zote zikazimika na kuwaka upya. Rauta yake ilikuwa ya faiba, na kampuni inayomhudumia huingiza ndani ya rauta jina na nywila ya PPPoE, yaani vya kuingilia kwenye mtandao wa kampuni, ambavyo mteja haambiwi na wala havikuandikwa kwenye kibandiko. Vyote vilifutika. Dawati la msaada lilifungwa mpaka asubuhi, na fundi alifika kesho yake saa tisa alasiri.

Kwa hiyo naanza na katazo kabla ya hatua yoyote: kitundu cha RESET kiache. Kuzima na kuwasha rauta ni jambo moja, kuirudisha ilivyotoka kiwandani ni jambo jingine kabisa. La kwanza halina madhara. La pili ni la mwisho kabisa, na ulifanye tu ukiwa umeshika karatasi yenye taarifa zote za kuiunganisha upya.

Kwanza, swali moja: ni wote au ni mmoja?

Watu wengi hurukia dawa kabla ya kujua ugonjwa. Mimi kwanza hutafuta kifaa cha pili. Simu ya mtoto, laptopu, televisheni, chochote kilichoshika waifai ileile. Kama kifaa kimoja kinagoma na vingine vinapeta, rauta haina kosa, kampuni haina kosa, na hata ukiwapigia utapoteza muda wako na wao. Tatizo limo ndani ya kifaa hicho. Kama vyote vimegoma kwa pamoja, acha simu yako, nenda kwenye rauta.

Halafu uliza: ni kila kitu au ni kitu kimoja? Tovuti moja ikigoma huku nyingine kumi zikifunguka, huenda wenye tovuti ndio wenye shida. Nimewahi kuitwa kwa sababu tovuti ya shule ya watoto haifunguki, kumbe shule haikulipia jina la tovuti yao mwaka huo.

Majibu ya maswali hayo mawili yaandike pamoja na saa tatizo lilipoanza. Utaona faida yake baadaye.

Hatua ya 1: Umeme, taa na waya

Intaneti ya nyumbani hupita vipande kadhaa: kutoka kwenye simu yako hadi kwenye rauta kwa njia ya hewa, kutoka kwenye rauta hadi kwa kampuni kwa waya wa faiba au kwa mnara wa simu, na kutoka kwa kampuni hadi duniani kwa nyaya nyingine ndefu. Taa za rauta zinakuambia habari za vipande viwili vya kwanza bila kuhitaji kompyuta.

Kwenye vifaa vya faiba tafuta taa mbili, PON na LOS. PON ikiwa ya kijani na imetulia, mwanga unafika. LOS ikiwaka au kupepesa nyekundu, mwanga haufiki, na hapo hakuna mpangilio wowote utakaokusaidia. Kagua ule waya mwembamba, mara nyingi wa njano au mweupe: umekunjwa sana kwenye kona? Umebanwa na mlango wa kabati? Kochi limesogezwa juu yake? Ndani ya faiba kuna uzi wa kioo, na kioo hakipendi kona kali. Unyooshe taratibu, subiri dakika moja. LOS ikibaki nyekundu, ruka moja kwa moja mpaka hatua ya mwisho upige simu. Usichomoe kichwa cha faiba ukakifuta kwa shati, wala usikichungulie: mwanga unaopita humo ni wa leza na jicho haliuoni.

Kama rauta yako inatumia laini ya simu, ya 4G au 5G, basi kabla ya yote angalia bando. Najua linaudhi kuambiwa hivyo, lakini ndilo jibu la simu nyingi ninazopigiwa mwisho wa mwezi. Bando likiisha waifai haizimiki. Vijiti vinabaki vimejaa, jina la mtandao linabaki palepale, ila mbele ya rauta mlango umefungwa. Ukishindwa kuangalia salio kwenye ukurasa wa rauta, toa laini uiweke kwenye simu uulize salio huko.

Umeme nao una vituko vyake. Ukikatika na kurudi kwa kishindo, adapta ya rauta huweza kufa nusu: taa zinawaka, lakini rauta inajizima na kujiwasha kila baada ya dakika chache, hasa watu wanapoitumia kwa wingi. Na wapo wanaochukua adapta ya kingamuzi kwa sababu tundu limeingia. Kuingia tundu si kulingana. Soma kibandiko chini ya rauta, kwa mfano 12V 1A, kisha soma adapta. Volti lazima zilingane kabisa. Ampea za adapta ziwe sawa na zilizoandikwa au zizidi, zisipungue.

Sasa zima rauta kwenye soketi, hesabu nusu dakika, washa, kisha uiache dakika tatu bila kuigusa. Jirani yangu aliizima mara tano ndani ya dakika tano, maana yake hakuipa nafasi ya kumaliza kuwaka hata mara moja.

Hatua ya 2: Simama karibu

Vijiti vya waifai vinapima kitu kimoja tu: jinsi simu yako na rauta zinavyosikilizana. Havijui kama kampuni iko hewani, havijui kama bando lipo. Watu huvitazama kama mita ya intaneti, na hapo ndipo wanapopotea.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Chukua simu, simama hatua mbili kutoka kwenye rauta, bila ukuta katikati, jaribu tena. Ikifanya kazi vizuri pale na kugoma chumbani, tatizo ni hewa, na DNS haihusiki. Kwenye programu za kupima mawimbi utaona namba zenye alama ya kutoa: karibu na -50 dBm ni safi sana, -67 bado inabeba simu ya video, -80 ni mateso.

Rauta nyingi za sasa hutoa mawimbi ya aina mbili. Ya 2.4 GHz yanakwenda mbali na kupenya kuta, lakini ni ya polepole na yana msongamano. Ya 5 GHz yana kasi, ila ukuta mmoja wa tofali unayapunguza nguvu vibaya. Ukiona kwenye orodha majina mawili, moja likiwa na 5G mwishoni, hiyo 5G si ya mnara wa simu, ni ile 5 GHz. Chumbani kwa mbali shika ya kwanza, sebuleni shika ya pili.

Nyumba zetu zina tabia zake. Kwenye nyumba za Mji Mkongwe, Unguja, au mitaa ya kale ya Mombasa, kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kuliko urefu wa mkono mpaka kiwiko mahali pengine, na 5 GHz hufia ukutani. Huko usinunue rauta yenye antena nyingi ukidhani antena zitatoboa jiwe. Vuta waya wa mtandao, ambao unaweza kwenda mpaka mita 100, hadi upande wa pili wa nyumba, kisha weka hapo kifaa cha pili cha kurushia waifai. Vile vifaa vya kudaka mawimbi na kuyarusha tena bila waya ni nafuu, lakini vingi vinakula karibu nusu ya kasi, kwa kuwa vinasikiliza na kusema kwa mdomo mmoja.

Mabati, vioo vikubwa, friji na tenki la maji vyote ni maadui. Maji hasa hunywa mawimbi, na maikrowevu hutumia masafa ya 2.4 GHz kupasha chakula, ndiyo maana video inakwama wakati wali unapashwa. Rauta iwe juu, wazi, katikati ya nyumba. Kuificha nyuma ya televisheni kwa ajili ya urembo ni kuilipia intaneti usiyoitumia.

Ukikaa kwenye maghorofa yenye rauta thelathini zinazosikika, ingia kwenye mipangilio ya rauta na uchague chaneli. Kwenye 2.4 GHz chagua 1, 6 au 11 pekee, kwa sababu ndizo zisizoingiliana. Anayechagua 3 akidhani amekimbia msongamano amekaa katikati ya makundi mawili.

Hatua ya 3: Je, umepewa anwani?

Kila kifaa kinachoingia kwenye waifai hupewa na rauta namba yake ya ndani, kwa mfano 192.168.1.23. Kwenye kompyuta ya Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza Enter, kisha andika:

ipconfig

Tafuta mstari wa IPv4. Ukiona namba inayoanza na 169.254, kompyuta imeomba anwani ikakosa, ikajibunia yake. Kwa anwani hiyo haitoki nje hata kidogo. Kwenye simu, ingia kwenye maelezo ya mtandao ulioshika. Tiba ya kwanza: sahau mtandao huo kwenye simu, ingiza nywila upya. Ikishindikana, zima na uwashe rauta.

Kuna kisa kimoja kinachojirudia sana hivi kwamba nakipa aya yake. Shemeji yangu alitaka waifai ifike uani, akachukua rauta ya zamani na kuiunga kwa waya kwenye rauta mpya, tundu la LAN kwa tundu la LAN. Kuanzia siku hiyo nyumba ikawa na wagawaji wawili wa anwani. Simu iliyopewa anwani na rauta mpya ilifanya kazi, iliyopewa na rauta kuukuu ilishika waifai bila intaneti, na kesho yake mambo yakageuka. Wiki nzima walidhani nyumba ina mdudu. Ukitaka kutumia rauta ya zamani namna hiyo, ingia ndani yake uzime DHCP kwanza, yaani kazi ya kugawa anwani, na uibadilishie anwani isifanane na ile ya rauta kuu.

Kwenye majibu yaleyale ya ipconfig kuna mstari wa Default Gateway. Hiyo ndiyo anwani ya rauta yenyewe. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na baadhi ya vifaa vya Huawei hutumia 192.168.8.1 au 192.168.100.1. Iandike, tunaihitaji sasa hivi.

Hatua ya 4: Mapigo matatu

Kama una muda wa kufanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanya hili. Kwenye dirisha lilelile la cmd, andika amri hizi moja baada ya nyingine, ukiweka namba ya rauta yako kwenye ya kwanza:

ping 192.168.1.1

ping 1.1.1.1

ping wikipedia.org

Ya kwanza inaita rauta. Isipojibu, umekwama hewani au kwenye anwani, rudi nyuma. Ikijibu kwa milisekunde chache, vizuri. Ikijibu mara kwa milisekunde 4, mara kwa 300, mara ikae kimya, hewa ni mbaya hata kama vijiti vimejaa.

Ya pili inaita kompyuta iliyo nje ya nyumba yako kwa namba yake. Rauta ikijibu na hii ikanyamaza, njia imekatika kati yako na kampuni, au kwa kampuni yenyewe. Bando, LOS, deni, mnara. Hakuna cha kurekebisha kwenye simu yako.

Ya tatu inaita kwa jina. Sasa sikiliza vizuri: namba ikikubali na jina likagoma, intaneti unayo. Ulichokosa ni DNS tu.

Kwa anayetumia simu peke yake, pakua leo programu ya kupimia ping, leo hii wakati mtandao upo. Siku ya kuihitaji hutaweza kuipakua.

DNS ni nani hasa

Fikiria unakwenda nyumbani kwa mtu Mbagala au Manzese. Namba ya nyumba haikusaidii, hakuna anayeijua. Unafika kijiweni, unamuuliza kijana wa bodaboda, "Kwa mzee fulani fundi cherehani ni wapi?" Anakuonyesha, unakwenda. DNS ndiye huyo kijana. Wewe unajua jina, kompyuta zinatembea kwa namba, na yeye ndiye anayejua jina lipi lina namba ipi. Kazi hii iliwahi kufanywa kwa faili moja la orodha lililotunzwa California na kunakiliwa na kila mtu, mpaka orodha ikawa ndefu mno. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni utaratibu tunaoutumia hadi sasa, wa kugawa kazi hiyo kwa seva nyingi zinazoulizana.

Kijana wa bodaboda akienda kula, nyumba ya mzee haijabomoka na barabara haijafungwa. Hujui tu pa kukatia kona. Ndiyo maana kwa jirani yangu ujumbe wa kikoba uliendelea kuingia: simu yake ilikuwa imeshafika kwa WhatsApp kabla DNS haijazimia, haikuwa na haja ya kuuliza tena.

Unaweza kumpima moja kwa moja:

nslookup wikipedia.org

nslookup wikipedia.org 8.8.8.8

Amri ya kwanza inamuuliza DNS uliyepewa na rauta. Ya pili inamuuliza mwingine, wa Google, aliyeanza kazi mwaka 2009. Wa kwanza akikaa kimya na wa pili akajibu, umempata mgonjwa. Wote wawili wakisema jina hilo halipo, angalia ulivyoliandika, au wenye jina wamelipoteza. Kwenye Chrome ujumbe wa jina lisilopatikana ni DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN.

Hatua ya 5: Badilisha wa kumuuliza

Kabla ya kubadilisha, piga picha mpangilio uliopo. Sekunde tano zinatosha, na zitakuokoa ukitaka kurudi.

Seva zinazotumiwa na watu wengi ni 1.1.1.1 na 1.0.0.1 za Cloudflare, 8.8.8.8 na 8.8.4.4 za Google, na 9.9.9.9 ya Quad9, ambayo inakataa kukuelekeza kwenye tovuti zinazojulikana kwa utapeli. Weka mbili. Mimi huchanganya, moja ya huyu na moja ya yule, ili mmoja akilala mwingine awe macho.

Kwenye Windows, bonyeza Windows na R, andika ncpa.cpl. Bofya kulia kwenye waifai, chagua Properties, kisha bofya mara mbili mstari wa IPv4. Sehemu ya chini ndiyo ya DNS, jaza namba zako mbili hapo. Ya juu, ya anwani, iache ijipange yenyewe. Ukimaliza rudi kwenye cmd uandike:

ipconfig /flushdns

Amri hiyo inafuta kumbukumbu. Kompyuta, kama wewe, ikishaenda kwa mtu mara moja hukumbuka njia. Mtu akihama, inaendelea kukupeleka kwenye nyumba ya zamani mpaka kumbukumbu ifutwe. Kwenye simu, kuwasha hali ya ndegeni sekunde kumi na kuizima kwa kawaida hufanya kazi hiyo.

Kwenye iPhone, gusa herufi i iliyo mbele ya jina la waifai, shuka mpaka Configure DNS, chagua Manual, ondoa zilizopo uweke zako.

Kwenye Android kuanzia toleo la 9, andika DNS kwenye kisanduku cha kutafutia ndani ya mipangilio, utaona DNS ya faragha. Hapa inabidi niseme kwa sauti kidogo. Sehemu hii haitaki namba, inataka jina: dns.google au one.one.one.one. Tena ukiandika jina, simu haimuulizi mwingine yeyote. Asipopatikana, simu nzima inakosa intaneti, kwa waifai na kwa data, huku simu za wenzako zikifanya kazi. Nimekuta hili mara nyingi: mtu aliona video ya kuzuia matangazo, akaandika jina la seva ya mtu asiyemjua, akasahau. Miezi sita baadaye seva imezimwa, naye amepeleka simu kwa mafundi wawili. Ukikuta jina usilolijua pale, chagua otomatiki, umemaliza.

Brauza nazo siku hizi zina DNS zao wenyewe ndani ya mipangilio ya usalama. Chrome ikigoma na Firefox ikafungua palepale kwenye mashine moja, anzia huko.

Kama nyumba nzima inasumbuliwa, badilisha kwenye rauta badala ya kuzunguka kifaa kwa kifaa. Andika anwani ya rauta kwenye brauza, ingia kwa jina na nywila zilizo kwenye kibandiko, tafuta sehemu ya WAN (upande wa nje wa rauta) au DHCP. Baadhi ya kampuni zimeifunga sehemu hiyo, basi huna budi kuzunguka.

Na hapa ndipo nilipogundua kwa nini kuzima na kuwasha "kunatibu". Rauta nyingi za bei nafuu hujitangaza zenyewe kuwa DNS, kisha huuliza kwa niaba yako. Kumbukumbu yao ndogo ikijaa au programu ikiganda, maswali yanaishia ndani. Ukiwasha upya, zinaanza na akili safi. Rauta inayohitaji kuwashwa upya kila siku mbili usiizoee. Weka DNS ya nje moja kwa moja kwenye vifaa uone kama tabia itaisha.

DNS ya nje ina kasoro moja. Haijui majina ya ndani ya kampuni yako, na kwenye waifai ya hoteli au uwanja wa ndege inaweza kukuzuia kuona ukurasa wa kuingia. Ukisafiri na waifai ikakukatalia, rudisha otomatiki kwanza.

Kijana wa bodaboda tapeli

Ukikuta kwenye rauta namba za DNS ambazo si za kampuni yako, si za rauta yenyewe, na si zile nilizotaja, usizipuuze. Anayekuelekeza akiwa tapeli, utaandika jina sahihi la benki na ufike kwenye nyumba ya mwizi. Virusi vilivyoitwa DNSChanger vilifanya hivyo kwa kompyuta nyingi duniani. FBI waliwakamata wahusika Novemba 2011, lakini ilibidi seva safi ziwekwe kwa muda mahali pa zile za wezi, na zilipozimwa tarehe 9 Julai 2012, ambao hawakuwa wamejisafisha walikosa intaneti ghafla bila kujua sababu.

Badilisha nywila ya kuingilia kwenye mipangilio ya rauta. Si ile ya waifai, ile ya admin. Watu hubadilisha ya kwanza kila wakigombana na mpangaji mwenzao, na ya pili inabaki admin kwa miaka.

Vijisababu vinavyojificha

Tarehe ya kifaa ikiwa mbovu, brauza itasema muunganisho si salama kwenye karibu kila tovuti. Laptopu ambayo betri ya saa imekufa huamka ikidhani ni mwaka wa zamani. VPN, programu inayopitisha intaneti yako kwa seva ya mbali, ikiachwa imewashwa hubeba DNS yake, izime kabla ya kupima lolote.

Wakati si wewe

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kusini mwa pwani yetu, na Tanzania na majirani tukashinda tukitafuta mtandao. Nilipokea simu za watu waliokuwa wamezima rauta zao asubuhi nzima. Siku kama hiyo dalili ni hizi: rauta inajibu, taa zote za kijani, baadhi ya huduma za ndani ya nchi zinakwenda, za nje zinakufa au zinatambaa. Kwenye cmd andika tracert 8.8.8.8, amri inayoonyesha vituo vya njiani, uone: hatua za mwanzo zinajibu upesi, kisha nyota tupu. Washa data ya laini ya kampuni nyingine, au muulize jirani anayetumia kampuni tofauti. Akiwa analia kama wewe, weka rauta chini ukanywe chai.

Hatua ya mwisho: Kupiga simu

Ukimpigia dada wa huduma kwa wateja ukamwambia "mtandao haupo", atakusomea karatasi yake tangu mwanzo: zima, washa, subiri. Hana kosa, hajui ulichofanya. Mwambie hivi, baada ya salamu: "Dada, LOS imekuwa nyekundu tangu saa mbili usiku, waya nimeukagua haujakunjwa, rauta nimeizima nusu dakika na kuiwasha." Au: "PON ni ya kijani, napata majibu ya 1.1.1.1, lakini DNS yenu haijibu, nimepima kwa nslookup kwenye vifaa viwili." Mara nyingi utahamishiwa kwa fundi papo hapo.

Ukiwa bado hewani naye, omba jina na nywila ya PPPoE kama zinatolewa kwa mteja, uzibandike ndani ya mlango wa kabati. Omba namba ya tiketi pia, iandike pamoja na saa. Ukipiga tena kesho bila namba hiyo, utaanza kusomewa karatasi upya.